Wakili Sifa Hashindwi

Ipo Jumapili moja, mwanangu, ambayo hadi leo nikiikumbuka nauma meno. Tulikuwa kanisani kwetu Bumula, mimi na mama yangu, benchi moja, bega kwa bega. Pasta akauliza kama kuna mtu aliye na ombi. Mama akasimama, akakaza leso kiunoni, akakohoa kidogo jinsi alivyozoea akitaka watu wamsikize, kisha akasema, "Ndugu zangu, naomba tumkumbuke Tabitha. Kesi yake inaamuliwa hivi karibuni. Msichana ako na shida kubwa na hana mtu wa kumsimamia."

Kanisa zima likaitikia amina. Hata wazee wa nyuma, ambao saa hiyo kwa kawaida huwa wamesinzia, waliitikia.

Sasa sikia. Huyo Tabitha hakuwa mgonjwa wa kijiji. Hakuwa wa ukoo wetu wala wa kanisa letu. Tabitha alikuwa mtu wa kuigizwa tu, karani katika mchezo wa runinga wa mambo ya korti, mchezo ambao mimi Nanjala, mtoto wa tumbo la mama huyo huyo, nilikuwa nimeucheza tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyekuwa wakili. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye bango. Na mama mzazi, nikiwa hapo kando yake na viatu vipya nilivyonunua Kitale, akasimama mbele ya Mungu na majirani akamwombea yule mwingine!

Wivu? Usiniulize. Damu ilinipanda hadi masikioni. Nilimkanyaga mama mguu akiwa bado amesimama, na nilimkanyaga makusudi.

Nakueleza haya kwa sababu ya lile ulilonijia nalo jana. Wewe ni mtoto wa kaka yangu, na sasa unaigiza katika mchezo ule ule, Hukumu Ijumaa, ambao haujafa hata waliokuwa wakiutazama wakiwa watoto sasa wanautazama na watoto wao. Ulikuja hapa, chai ukakataa, ukakaa pembeni ya kiti kama mtu aliyeitwa kituo cha polisi, ukasema, "Aunti, wewe wanakuogopa. Si uwaambie tu wamuue Brenda." Mtu mwingine angesikia angepiga mayowe. Mimi nilielewa. Brenda ni msichana wa kwenye mchezo wenu, na katika kazi yetu kumuua mtu ni kumtoa kwenye hadithi. "Apate ajali ya bodaboda hapo Chwele," ukasema. "Haki ya Mungu, hata haitakuwa gharama."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Halafu nikakutazama vizuri nikaona macho yako mekundu, nikaacha kucheka. Wekundu huo naujua. Nimewahi kuubeba machoni mwangu kutoka Kitale hadi Bumula.

Nilianza Hukumu Ijumaa nikiwa mdogo kuliko wewe. Kituo kidogo cha runinga kilikuwa kimekodi ghala la mahindi pale Kitale, wakalisafisha nusu nusu, wakajenga korti ndani yake, kiti cha hakimu, meza za mawakili, kizimba cha mbao. Vumbi la mahindi halikuisha. Mashahidi walipiga chafya katikati ya kiapo. Mvua ikipiga mabati tuliacha kurekodi tukanywa chai mpaka inyamaze, kwa hivyo msimu wa masika kesi zetu zilikuwa fupi sana.

Mimi walinichagua kuwa wakili kwa sababu ya urefu wangu na sauti yangu. Shida ilikuwa ulimi. Unatujua sisi watu wa Bungoma, kwetu l na r hukaa nyumba moja na kuazimana nguo. Siku ya kwanza nikasimama mbele ya kamera, nikanyoosha shingo, nikasema, "Mheshimiwa, mimi ndiye wakiri wa mshtakiwa."

Dairekta akashika kichwa. "Wakiri nini, Nanjala? Akina nani wakiri? Wewe ni wakili, ama umekuja kulazimisha watu wakubali makosa yao?"

Ghala lote likaangua kicheko. Nilicheka nao, lakini moyoni nilinywea. Nikarudi chumba changu cha kupanga nikaanza kujifundisha. Nikifua, wakili. Nikichagua maharagwe, wakili. Wakili, wakili, wakili, hadi mwenye nyumba akaniuliza polepole kama nimeshtakiwa. Lakini ulimi ulinyooka, bana. Ulinyooka hata watu wakawa wananiuliza kama mimi ni wa Mombasa, na mimi sikukana.

Mtu niliyemwigiza aliitwa Wakili Sifa. Nadhani umemwona katika zile za zamani wanazorudia. Anasimama, anarekebisha joho, anamkaribia shahidi taratibu, anauliza kwa sauti ya chini, na shahidi anaanza kutetemeka na kusema kila kitu. Kila Ijumaa. Nikipita sokoni Chwele wauzaji walikuwa wakipaza sauti, "Wakili Sifa hashindwi!" Mama mmoja wa vitunguu alikuwa haniuzii bila kuniongezea. Maneno hayo yaliniingia kichwani, mwanangu. Nikaenda kwa mwandishi wetu, Mwalimu Khisa, mzee aliyekuwa amestaafu ualimu, mtu wa kutafuna njugu kutwa nzima, nikamwambia, "Mwalimu, usije ukaandika nimeshindwa kesi. Watu wanapenda nikishinda."

Akatafuna. Akanitazama. "Una uhakika, Nanjala?"

"Nina uhakika."

"Haya. Nimesikia."

Na kweli alisikia. Miaka ikapita sijashindwa kesi hata moja.

Kisha wakamleta Chemtai. Msichana mwembamba wa Kapsokwony, mpole, ambaye vumbi la lile ghala lilimpa kikohozi siku ya kwanza na hakikumwacha tena. Walimpa sehemu ya Tabitha, karani anayesimama kando ya kizimba kuwatafsiria hakimu na mawakili maneno ya wasiojua Kiswahili. Alikuwa na sentensi moja tu, "Mheshimiwa, anasema hajui." Basi. Wakati huo nilimpenda, sikudanganyi. Nilimwazima kitana changu. Nilimwonyesha kibanda cha chai cha bei ya chini. Kwa nini nisimpende? Hakuwa na kitu nilichokitaka.

Sijui Mwalimu Khisa aliona nini kwa yule msichana. Wiki moja akaandika kitu kidogo. Mzee mmoja wa mlimani ameshtakiwa kuiba ng'ombe, hana wakili, anajieleza kwa lugha ya kwao, kirefu, kwa mikono miwili: alimnunua wapi, kwa nani, nani na nani waliona. Na saa ya chakula imefika. Tabitha ana njaa, miguu inamuuma. Anamgeukia hakimu anasema, "Mheshimiwa, anasema alinunua sokoni." Hayo tu. Majina yote ya mashahidi yakabaki kinywani mwake. Mzee akafungwa. Kamera ikamfuata Tabitha hadi kwenye kibanda cha chakula, akakaa mbele ya sahani ya wali na maharagwe, akatia kijiko mdomoni, wali ukakataa kushuka.

Mimi siku hiyo nilikuwa nimeshinda kesi ya shamba, na niliishinda kwa madaha. Hakuna aliyeniuliza. Kitale yote ilikuwa ikiuliza kama yule msichana atasema ukweli.

Ukawa ndio mwanzo. Ijumaa moja Tabitha anampelekea mzee maziwa gerezani, mzee anageuza uso ukutani. Ijumaa nyingine anaenda kwa hakimu kumweleza, hakimu anamwambia anyamaze kama anapenda kazi yake. Na ananyamaza! Watu walimkasirikia hadi wakazima runinga. Wakawasha tena wiki iliyofuata. Baadaye akasema, akafutwa kazi, kisha yeye mwenyewe akashtakiwa kwa kupotosha ushahidi. Yule aliyekuwa akisimama kando ya kizimba sasa akawa ndani. Kila Ijumaa ulimkuta si yule wa Ijumaa iliyopita. Na mimi kila Ijumaa nilirekebisha joho lile lile.

Nikaanza kumchukia. Nilichukia kikohozi chake. Nilichukia anavyoshika kikombe kwa mikono miwili kana kwamba anaogopa kitaporwa. Nilikuwa nafika ghalani mapema nisome karatasi zake kabla ya zangu, nione wamempa machozi kiasi gani, na mimi wameninyima. Akinisalimia nilijibu kwa pua. Na kitu kilichoniudhi zaidi ni kwamba hakuwa na kiburi. Angekuwa na kiburi ningepumzika kidogo.

Siku iliyonimaliza ni ya Chwele. Nilienda kununua vitunguu kwa yule yule mama. Akaniona, uso ukang'aa, nami nikajiandaa kusifiwa. Akanishika mkono akasema, "Wakili, si uniambie ukweli. Tabitha atafungwa?" Kabla sijajibu akachota vitunguu, akavifunga kwenye karatasi, akanipa. "Umpelekee. Umwambie avumilie."

Nilivibeba, mwanangu. Lakini havikumfikia. Nilivipika nikavila, na kila nikitafuna nilikuwa nasonya.

Nikamwendea Mwalimu Khisa. "Mwalimu, huyu Tabitha amejaa kila mahali. Si umuue tu? Apatwe na malaria huko rumande."

Alicheka hadi njugu zikamwingia vibaya, ikabidi nimpige mgongo. Alipopata pumzi akasema, "Nanjala, nikimuua Ijumaa hii watamlilia mwaka mzima. Hayo ndiyo unataka?"

Sikuwa nimefikiria hivyo.

"Sema kile unataka," akaniambia. "Si cha Tabitha. Chako."

"Nataka hadithi."

"Hadithi ninayo. Tabitha anahitaji wakili. Wewe utamtetea."

Moyo uliruka! Nikajiona tayari, mimi nimesimama, yeye analia kizimbani, nami namwokoa mbele ya watu wote, na yule mama wa vitunguu ananyamaza. Nikamwambia sawa, tena haraka.

"Halafu utashindwa," akasema.

Nikadhani sikusikia vizuri. Akanieleza bila haraka. Kesi itakuwa inaenda vizuri, shahidi wa upande wa pili ameshalegea, na Sifa anatakiwa kukaa chini. Lakini Sifa hajui kukaa chini. Ataongeza swali moja la maringo, swali ambalo halihitajiki, apate kuonekana. Jibu la swali hilo ndilo litamfunga Tabitha.

"Tafuta wakili mwingine," nikasema. "Sifa hashindwi."

"Sawa. Usipokuja Jumatatu nitaandika kwamba amehamia Nairobi. Watu huhamia Nairobi."

Alilisema kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha. Nilijua atafanya. Kazi yangu yote, jina langu, ile sauti ya Chwele, vingeisha kwa kutajwa tu kwamba Sifa amehama. Nikachukua mkoba nikaenda zangu nyumbani. Hiyo ilikuwa Jumamosi, na kesho yake ndipo mama akasimama kanisani.

Tulirudi nyumbani kutoka kanisani. Mama akabadilisha nguo, akakaa mlangoni na ungo wa mboga, akaanza kuchambua. Nikashindwa kuvumilia.

"Mama, ulijua kwamba nimekaa hapo?"

"Nilijua. Si ulinikanyaga na hivyo viatu."

"Tabitha si mtu! Anaitwa Chemtai. Analipwa kama mimi. Jioni anaenda kwake anasonga ugali."

"Najua si mtu. Kwani mimi ni mjinga?" Akatupa jani lililooza. "Na huyo wakili wako, yeye ni mtu?"

Nikaokota lile jani nikalitupa mbali zaidi.

"Nimemwangalia miaka hii yote," mama akasema. "Hajawahi kuchelewa. Hajawahi kulia. Hajawahi kukosea hata njia ya choo. Sasa nikisimama kanisani, nimwombee nini? Niseme Mungu amwongezee kushinda?"

"Uniombee mimi. Mimi ni mtoto wako."

"Wewe ni mtoto wangu. Lakini yule wa kwa luninga simjui. Anaongea kama mtu wa Mombasa. Nikimwangalia nakutafuta ndani yake, Nanjala, na sikuoni." Kisha akanisukumia ndoo kwa mguu. "Nenda uteke maji."

Nilienda kuteka maji nikilia kwa hasira, na mtu akinisalimia njiani nilisema ni moshi. Moshi, mchana kweupe, kisimani!

Usidhani kwamba Jumatatu nilirudi Kitale nimeokoka. Nilirudi kwa wivu ule ule. Usiku kucha nilikuwa nimewaza kwamba nisipoenda, kutaletwa msichana mwingine avae joho langu, amtetee Tabitha, amwangushe, alie, na machozi yale yatakuwa yake. Nilishindwa kumwachia. Kama wivu ungekuwa farasi ningefika Kitale kabla ya jua.

Tukarekodi mchana, mawingu yakiwa yameshuka na dairekta akitazama juu kila dakika. Nikalegeza shahidi. Nikatakiwa kukaa. Nikaongeza lile swali la maringo, nikalitupa huku nikitabasamu, na shahidi akajibu. Tabitha ameisha. Nilijua jibu lile, nilikuwa nimelisoma asubuhi, lakini lilinipiga kana kwamba nalisikia mara ya kwanza. Hakimu akaniuliza kama nina jambo la kuongeza. Nilitakiwa kusema, "Mheshimiwa, mimi kama wakili wake, nimemwangusha."

Nikageuka kizimbani. Chemtai alikuwa akinitazama, mikono miwili kwenye mbao kama anavyoshika kikombe. Akakohoa. Kile kikohozi nilichokichukia. Na sijui ni kitu gani, mwanangu, nikakumbuka vile vitunguu nilivyovila. Nikafungua mdomo.

"Mheshimiwa, mimi kama wakiri wake..."

Nikajisikia. Hakuna aliyecheka.

"...nimemwangusha."

Mvua ikashuka hapo hapo kwenye mabati.

"Kata!" dairekta akapaza sauti kushinda mvua. "Ikinyamaza tunarudia. Ulimi umeteleza."

Mwalimu Khisa aliinuka kwenye kreti alilokuwa amekalia, njugu zikamwagika chini. "Usiguse hapo."

"Mwalimu, amesema wakiri."

"Nimesikia. Kwani si amekiri?"

Mvua haikunyamaza hadi jioni. Sehemu ile haikurudiwa.

Ijumaa ilipofika nilijifungia chumbani Kitale. Nilijua Bungoma nzima itanicheka, wakili wa Mombasa ameangushwa na r ya kwao. Nikafikiria kutokwenda nyumbani mwisho wa wiki. Lakini mama alikuwa na miguu mibovu na hakuwa na wa kumfulia, nikaenda. Jumapili nikakaa benchi lile lile, mbali naye kidogo. Pasta akauliza kama kuna mwenye ombi.

Mama akasimama. Leso, kikohozi, kila kitu. Mimi nikajiambia, haya, Tabitha amefungwa, leo tutamwombea mpaka njaa itushike.

"Naomba tumwombee Nanjala," mama akasema.

Pasta naye alikuwa mtazamaji. Akauliza kwa heshima, "Mama, unamaanisha Wakili Sifa?"

"Hapana. Nanjala wangu. Nilimsikia Ijumaa kwa luninga. Alisema wakiri, vile alikuwa anasema akiwa mtoto, akilia. Nikajua huyo ni wangu, na ako na shida."

Kanisa likaitikia amina, na wazee wa nyuma pia. Nami nilikuwa nimeinama natazama viatu vyangu, sioni kitu.

Sasa utaniuliza, je, wivu uliisha? Nani kakudanganya? Tabitha alifungwa, akatoka, akasoma, na leo hii unamjua, yuko kwenye kiti cha hakimu. Chemtai amekalia kiti kile mpaka nywele zimekuwa nyeupe kama zangu. Nikimtazama siku ya Ijumaa nasema peke yangu, ah, hapo amenyamaza sana, hapo mimi ningefanya vizuri zaidi. Juzi tu sokoni Chwele kijana muuza nyanya aliniuliza kama namfahamu Hakimu Tabitha, ati amsalimie. Roho iliniuma kama zamani, mbichi kabisa. Nikamwambia namfahamu, na nikampigia simu mbele yake waongee. Bado nilisonya, lakini simu nilipiga.

Na Sifa wangu naye aliondoka mahali alipokuwa amesimama. Alimtembelea Tabitha gerezani, na Tabitha akageuza uso ukutani. Aliacha kazi. Alirudi. Alishindwa nyingine, akashinda chache, na akazeeka vizuri, hata Mwalimu Khisa alipofariki mwandishi aliyemfuata akampa wanafunzi wa kufundisha. Mmoja wa wanafunzi hao, yule msichana asiyekosea kitu, ndiye wewe unayemwigiza. Naskia umemwambia mwandishi asikuandikie kushindwa. Nilipoambiwa hivyo nilikaa chini.

Kwa hivyo sitaongea na mtu amuue Brenda. Badala yake nakushauri hivi, na ushike. Wivu ukikujia usiukatae, maana utarudi kwa mlango mwingine. Uuchukue uuulize, huyu ana nini ambacho mimi nakililia? Utakuta si nafasi yake. Brenda wiki iliyopita alidanganya mamake kwenye hadithi, akashikwa, akasimama mvuani. Wewe unataka kusimama kwenye ile mvua. Basi nenda kwa mwandishi kesho, si kesho kutwa, umwambie akunyang'anye kitu. Akufanye uchelewe, ukosee, uaibike mbele ya watu wanaokupenda. Anayeshinda kila siku watu humpigia makofi wakaenda kulala. Aliyeanguka ndiye ambaye wanabaki wakimfikiria wakipika, na ndiye wanayembebea vitunguu. Na ulimi wetu usiuonee haya. Ujifunze kunyoosha maneno, ndiyo, ni kazi yako, lakini usiunyooshe hata mama yako akutafute ndani ya runinga asikuone.

Na siku ukipewa vitunguu vya Brenda, vifikishe. Vya wizi havishuki vizuri, mimi najua.

Mungu akupe mwandishi asiyekuogopa. Akupe kesi ya kushindwa mbele ya watu wote, na siku hiyo r ya kwetu isikukimbie. Akupe na mtu wa kusimama kanisani akutaje kwa jina lako, lile ulilopewa ulipozaliwa. Ambariki na Brenda pia, lakini aanze na wewe. Amina.